Mkaguzi Asiyeuliza Habari za Choo

Siagi alikuwa na kazi ya heshima: aliuza mahali pa kukaa.

Kila asubuhi alifika hospitali kuu kabla ya wagonjwa, akajikalisha kwenye benchi la mbele, lile linalotazamana na dirisha la dawa, akakunja nne na kusubiri. Shati lake lilipigwa pasi mpaka likaweza kukata mkate. Mtu akichoka kusimama, alimwona kijana mtanashati aliyejishika kiuno kwa maumivu, wakaongea mawili matatu ya huruma, kisha kijana akakubali kumpisha kwa chochote alichonacho. Hapo Siagi aliinuka kwa taabu, akachechemea hadi kwenye kona, akapona palepale, na kurudi kutafuta benchi jingine. Kwa mtindo huo alikuwa amekwisha kuliuza benchi moja mara nyingi kuliko seremala aliyelitengeneza.

Jina la Siagi hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu maneno yake, popote ulipoyapaka, yaliyeyuka na kuingia.

Siku hiyo biashara ilikuwa mbaya. Wagonjwa walikuwa na nguvu zao, wamesimama wima kama nguzo za umeme. Siagi akabaki hana la kufanya ila kusikiliza ya wenzake. Dirishani alisimama mama mmoja mtu mzima, mrefu, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani kwa madaha, na kando yake binti yake mwenye mimba kubwa, ameshika mwavuli na mfuko wa nguo za kitoto. Mama huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Kengele. Kabla ya kuugua alikuwa dalali wa mnada, na sauti yake ilikuwa ikiuza makabati hata kwa watu waliokuwa wakipita tu kwenda kwao. Sasa sauti ilibaki ndogo, ya kuombea chumvi kwa jirani.

"Haya mama, turudie kama kawaida yetu," alisema mfamasia, dada wa miwani minene aliyezungumza kupitia tundu la kioo. "Kidonge tunakimezaje?"

"Kizima, kwa maji. Sitafuni, sisagi, sivunji."

"Wakati gani?"

"Saa ileile kila siku. Simu ikilia, nameza."

"Ukisahau, siku ya pili unameza viwili ufidie?"

"Ala! Kwani nalipa deni? Kimoja tu. Nikisahau nakupigia wewe unigombeze."

"Na huyu?" Mfamasia aliielekeza kalamu yake kwenye tumbo la binti.

"Huyu hagusi. Chupa naifungua mwenyewe, nanawa mwenyewe."

"Jirani akikuletea mizizi yake ya kuchemsha?"

"Namshukuru kwa moyo wote, naiacha kwenye sufuria, nakuuliza wewe kwanza."

Mfamasia akatabasamu, akachukua chupa ndogo nyeupe na kuiweka dirishani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Dawa yako inalenga, mama. Haipigi ovyo mwili mzima. Inazifuata zile chembe za saratani kwenye mapafu kwa alama zilizo nazo, inazizuia. Ndiyo maana tukakupima kwanza. Basi na sisi tuitunze. Chupa tupu ya mwezi uliopita iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Usiitupe. Irudi hapahapa."

Siagi alikuwa karibu kusinzia. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake alipomnong'oneza mwenzake: "Unaiona chupa ile? Hapa wanapewa kwa mpango maalumu. Ukienda kuitafuta madukani, ukitajiwa bei unakaa chini."

Siagi, ambaye tayari alikuwa amekaa chini, alisimama.

Alisogea karibu na dirisha, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Chupa ndogo hivyo, inaingia kwenye mfuko wa shati, imeshikwa na mama asiye na pumzi za kukimbiza hata kuku! Alikuwa tayari kusikiliza mpaka jioni. Lakini mfamasia alikohoa kidogo, akasogeza karatasi yake na kusema:

"Vizuri. Sasa tuje kwenye choo."

Hapo ni lazima tumtendee haki Siagi. Kila mtu ana mpaka wake. Alikuwa tayari kumdanganya mjane, kumwuzia kipofu miwani, kumpangisha mtu nyumba ya mtu mwingine. Lakini masikio yake yalikuwa ya kistaarabu. Habari za choo hakuziweza. Aliposikia "kimelegea au la?" na "mara nyingi kuliko kawaida?", alikunja uso, akazibaziba pua ingawa hapakuwa na harufu yoyote, akatoka nje kupunga hewa. Aliporudi, mama na binti walikuwa wanaondoka. Nusu nzima ya mazungumzo ilikuwa imempita, naye hakuijutia hata chembe. Aliwafuata kwa mbali mpaka akaujua mlango wao.

*

Jioni aliingia duka la dawa la Bwana Kaunta. Huyu alikuwa mfanyabiashara mnene, mwenye uso wa upole na mkono mrefu chini ya kaunta, ambako dawa ziliuzwa bila maswali.

"Ile ya mapafu?" Bwana Kaunta alimeza mate. "Ya kulenga? Ikiwa haijafunguliwa?"

"Lakiri yake haijaguswa."

"Siagi, mdogo wangu, ukiniletea hiyo, hutakalia tena mabenchi ya watu. Utanunua ya kwako."

Wakapanga. Siagi angekwenda kama mkaguzi. Angesema chupa ile ina kasoro, aichukue kuirudisha kiwandani, na kuacha nyingine "ya muda". Hiyo ya muda Bwana Kaunta aliijaza palepale: peremende nyeupe, ndogo, za duara. Wote wawili walicheka sana walipozitikisa. Hawakufikiria, au walifikiria wakapita haraka, kwamba mtu mwenye saratani angemeza peremende mwezi mzima akidhani anatibiwa, huku kile kivuli cha uvimbe kilichoanza kunywea kifuani mwake kikipata nafasi ya kujinyoosha tena.

"Utakwendaje?" aliuliza Bwana Kaunta. "Mkaguzi hatembei kwa miguu."

Akamvisha koti jeupe na kumpa pikipiki yake mwenyewe, mpya, yenye sanduku jeupe nyuma, ile aliyokuwa akiifuta vumbi kila saa kwa kitambaa cha miwani yake.

"Ikipata mkwaruzo," alisema kwa sauti ya upendo, "nakuchuna ngozi yako niibandike pale."

*

Asubuhi ya siku ya pili Bibi Kengele alikuwa amekaa barazani, akipumzika baada ya kufagia nusu ya ua. Zamani angeufagia wote huku akiimba. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia kengele yake ya mnada, ya shaba, ambayo hakuwa ameigusa tangu alipoanza kukohoa. Binti alikuwa mkekani, akishona kikoti cha mtoto, na pembeni yake mkebe wa vifungo vyeupe vya duara, vidogo kama meno ya kwanza.

Neno walilokuwa wakilizungumza lilikuwa lilelile la kila siku.

"Daktari alisema kivuli kimepungua, mama. Uliiona picha mwenyewe."

"Niliiona. Nilikiona kimenywea kama embe lililosahauliwa." Bibi alivuta pumzi. "Mimi siombi makubwa. Mjukuu akizaliwa, nitoke hapa mlangoni niutangazie mtaa kwa sauti yangu. Siyo hii ya kuku mgonjwa. Ile yangu. Wote niliowauzia vitanda wasikie nami nimepata mtu wa kulalia cha kwangu."

Pikipiki ikanguruma, ikazimika. Siagi aliingia na koti lake jeupe, kalamu sikioni, uso umejaa wasiwasi wa kiserikali.

"Shikamoo mama! Pole na maradhi. Natoka Idara ya Usalama wa Vidonge vya Kumeza. Nimetumwa haraka."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Haraka ya nini?"

"Mama, usishtuke." Siagi alikaa, akaegemea mbele, akashusha sauti, na sauti yake ilipaka kuta zote siagi. "Zile chupa mlizopewa zina kasoro. Zimevuja. Kidonge ni kizuri, lakini hewa imeingia. Nimekuja kukuokoa. Naichukua ile, nakuachia hii ya muda, baada ya siku chache nakuletea mpya. Bure. Hata asante sitaki."

"Maskini, mmetufikiria," alisema Bibi Kengele.

"Ndiyo kazi yetu. Sharti tu chupa iwe haijafunguliwa. Kama ilivyo. Wala msiifungue mbele ya huyu dada, kwa hali yake. Unga wake ni hatari."

Bibi alitikisa kichwa kwa kukubali. Hilo la binti lilikuwa kweli, na kijana alilisema vizuri. Kwa muda mfupi hata alimwamini. Akajiweka sawa kitini, akakunja mikono mapajani na kusubiri, kama mtu anayesubiri kupimwa joto.

Siagi naye akasubiri.

Wakasubiriana.

"Basi?" alisema Bibi.

"Basi nini, mama?"

"Huna la kuniuliza?"

"Chupa tu, mama yangu. Mimi na wewe ni chupa."

"Kuhusu mwili je?"

"Mwili umenawiri! Ungesema ni dada yake huyu."

"Ngozi?"

"Nyororo."

"Na... kwingineko?"

Siagi alihisi mazungumzo yanaelekea kubaya, akayageuza kwa ustadi. "Kwingineko ni siri yako, mama. Mimi nimelelewa."

Binti aliinua uso kutoka kwenye ushonaji. Macho yake yakakutana na ya mama yake, na bila neno wote wawili wakajua. Tangu mama alipoanza dawa hii, hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kukaa mbele yake bila kumwuliza habari za choo. Daktari aliuliza kabla ya salamu. Mfamasia aliuliza kwa simu. Nesi mmoja alimwuliza kwenye ngazi, mbele ya fundi bomba. Kuharisha kunaweza kuletwa na dawa hiyo, na kukiachwa bila kusema kunamkausha mgonjwa, kwa hiyo waliuliza kama watu wengine wanavyouliza hali ya hewa. Mkaguzi wa vidonge vya kumeza asiyetaka kujua vimetokaje?

"Nisubiri mwanangu," alisema Bibi Kengele, akiinuka polepole. "Naileta. Binti, mpe mgeni maji. Na huo mkebe wako wa vifungo nipishie njiani, nisije nikaukanyaga."

Akauchukua, akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi yake ya dawa.

"Mama!" Mfamasia alishtuka. "Hatujamtuma mtu. Sisi hatumfuati mtu nyumbani kuchukua dawa, nilikuambia. Usimpe chupa, na usimeze alicholeta. Usigombane naye, mwache aende tu. Mimi nakuja na askari polisi wa zamu hapa getini."

"Ataenda," Bibi alinong'ona. "Lakini nimeuza vitu miaka yote hii, mwanangu, sijawahi kumwacha mteja aende mikono mitupu."

Chupa mpya aliiacha palepale ilipo, kwenye kabati, imefungwa kwa ufunguo. Aliichukua ile tupu ya mwezi uliopita.

Alipotoka, alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa mfuko juu ya mfuko na utepe mwingi wa gundi. Alikitikisa. Kikalia vizuri, chaka chaka chaka. Siagi alipanua pua.

"Nimeiziba, isikuvujie," alisema Bibi. "Ila mwanangu, mimi ni mtu wa mnada. Kitu hakitoki uani kwangu bila kitu kubaki. Sio kwamba sikuamini. Ni mazoea ya kazi, mkono wenyewe unakataa."

"Nimekuachia chupa ya muda!"

"Hiyo ni yangu tayari, umesema bure. Niachie rehani. Ukirudi na mpya, unachukua."

"Rehani gani, mama? Mimi mtumishi tu."

Bibi Kengele aliangalia pikipiki kwa jicho moja, lile la zamani lililojua thamani ya kila kitu. "Kile chombo cha serikali si kinatosha? Serikali haikosi vingine."

Siagi akapiga hesabu kichwani. Chupa ile ingemfanya bwana. Pikipiki haikuwa yake. Kutoa kitu cha mtu mwingine kupata kitu cha mtu mwingine: kama kuna biashara safi zaidi duniani, hajawahi kuisikia. Akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Bibi kwa heshima.

"Mama, wewe ni mwerevu."

"Aa, wapi. Nimechoka tu. Nenda salama, na usiikimbize, isije ikakupasukia."

Siagi alitembea kwa adabu hadi kwenye kona. Baada ya kona, alikimbia.

Mkekani, binti aliufungua mkebe wake uliorudishwa. Ulikuwa mtupu.

"Mama! Vifungo vya mtoto!"

"Shiii. Vimekwenda kazini."

*

Bwana Kaunta alifunga mlango wa duka, akavuta pazia. Siagi alichana utepe kwa meno. Mfuko ukatoka, ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka chupa nyeupe yenye karatasi halisi ya hospitali ikasimama kauntani. Wote wawili waliinama mbele yake kama waumini.

"Pikipiki iko wapi?"

"Iko mahali salama. Fungua kwanza."

"Umesema lakiri haijaguswa. Mbona haina lakiri?"

"Labda hewa iliyoingia..."

"Siagi! Hewa ulitunga mwenyewe!"

Siagi akanyakua chupa, akazungusha kifuniko. Kikazunguka, kikazunguka, hakikutoka. Akaibana mapajani. Akauma. Akaikandamiza ukutani. Kifuniko kilikuwa cha aina ile iliyotengenezwa watoto wasiweze kufungua, na kwa Siagi kilifanya kazi yake barabara. Bwana Kaunta alimpokonya, akakibonyeza chini, akakizungusha mara moja.

Kaunta ikajaa vifungo vya nguo za mtoto mchanga.

Kifungo kimoja kilibingirika taratibu, kikafika ukingoni, kikaanguka, tik.

"Pikipiki," alisema Bwana Kaunta kwa sauti ya mbali, "iko mahali salama wapi?"

"Iko kwa huyo mama."

"Inafanya nini?"

"Imewekwa rehani."

"Kwa vifungo."

"Kwa vifungo, kaka. Lakini ni vizuri, tazama, havina hata mkwaruzo."

Hatuwezi kuandika alichosema Bwana Kaunta, kwa kuwa kuna watoto wanaosomewa. Alivirudisha vifungo vyote kwenye chupa, maana hata katika hasira alikuwa mtu wa kutopoteza mali, akamshika Siagi kola na kumwongoza njiani. Mpango wao mpya ulikuwa mwepesi: Bwana Kaunta angesema pikipiki yake imeibwa na mtu asiyemjua, Siagi angejificha, mama angeona aibu na kuirudisha. Na wangeutimiza, kama wasingesikia kengele.

*

Watu wa mtaa ule hawakuwa wameisikia kengele ya Bibi kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine walidhani ni ya shule. Kisha wakakumbuka. Wakatoka na taulo mabegani, na wengine na sabuni usoni. Uani, pikipiki ilisimama juu ya mkeka, imefutwa ikang'aa. Mfamasia alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, koti lake kavua, na jamaa mmoja mwenye kofia alikuwa ameegemea ukuta akila karanga, buti zake zikionyesha wazi kwamba ni askari kwa yeyote aliyejali kuangalia chini. Siagi na Bwana Kaunta, walipoingia kwa fujo, waliangalia pikipiki tu.

"Mabibi na mabwana," alisema Bibi Kengele. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba, lakini ilikuwa imesimama. "Chombo hiki kimeletwa kwangu leo, na mwenyewe hajulikani. Simwuzii mtu cha mwenzake, mnanijua. Naita mara tatu. Mwenyewe yupo, aseme kwa mdomo wake. Hayupo, askari anakipeleka kituoni. Mara ya kwanza!"

Akakohoa. Binti akamsogezea kikombe cha maji. Bwana Kaunta alianza kutoka jasho. Kumwona mwanamke mmoja kavaa pete akiegemea tangi lake kulimuuma kuliko kisu.

"Mara ya... pili!"

"Ni yangu!" alipasuka Bwana Kaunta. "Usiiguse hiyo, wewe, toa pete yako hapo! Ni yangu, niliibiwa!"

"Pole baba," alisema Bibi. "Mwizi ulimwona?"

"Sikumwona! Ni mtu nisiyemjua kabisa!"

"Na huyu uliyemshika kola?"

Bwana Kaunta aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Siagi naye aliona pale pale mzigo wote unavyomwelekea, na akachukua hatua ya kila mwerevu aliyebanwa: alisema kweli.

"Mwizi nani, kaka? Si ulinipa ufunguo mwenyewe? Si ulinivisha koti ukasema nikalete chupa ya mapafu? Peremende nani alizijaza?"

"Nyamaza, mjinga wewe! Wewe ndiye uliyesema mama hana pumzi!"

Ua mzima ukasema "Eeee!" kwa pamoja. Yule jamaa wa karanga akajipangusa mikono, akainua kofia. Mfamasia alisimama, akaipokea chupa ya peremende aliyowekewa na Bibi, akainusa, na uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na aliyecheka.

"Mwezi mmoja wa hizi," alisema taratibu, akiwatazama wote wawili, "na huyu mama tungempoteza huku anasema asante."

Siagi aliinamisha kichwa. Aibu ilikuwa kitu kigeni kwake, hakujua ikae wapi.

"Na chupa yangu ya hospitali," mfamasia aliendelea, akinyoosha mkono kwa Bwana Kaunta. Alipoifungua, akaona vifungo, alikaza midomo isicheke. "Dada, hivi havirudi kwenye nguo ya mtoto. Vimekaa na mabaki ya dawa. Naondoka navyo."

"Basi kikoti?" Binti alikuwa karibu kulia. "Nilivitafuta soko zima."

"Bwana mwenye duka atanunua vingine," alisema askari, akimshika mkono. "Anaonekana mtu wa watoto. Tutapitia dukani njiani, na nitapenda kuona nini kingine kiko chini ya hiyo kaunta."

Siagi alipofikishwa mlangoni aligeuka. Kwa kweli hili ndilo lililokuwa likimchoma kuliko pingu.

"Bi mkubwa, nielimishe. Koti lilikuwa safi. Maneno yalikuwa safi. Nilikosea wapi?"

"Hukuniuliza habari za choo, mwanangu."

"Lakini mama... ni mambo ya aibu."

"Ndiyo. Wanaonipenda wanayauliza kila siku."

Siagi alilitazama koti lake jeupe kana kwamba lilikuwa na doa. Akaondoka.

Simu ya Bibi Kengele ikalia juu ya meza. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kidonge kimoja na bilauri ya maji. Akakimeza kizima, mtaa mzima ukimtazama, na mtu fulani nyuma akapiga makofi kama mchezaji amefunga bao.

"Mnada haujafungwa!" alipaza sauti jirani mwenye sabuni usoni, ambayo sasa ilikuwa imekauka. "Umeita mara mbili tu!"

"Mama, acha," alisema binti. "Umechoka."

Bibi Kengele aliichukua kengele. Akavuta hewa. Binti aliiona ikiingia, akaiona ikiendelea kuingia, zaidi ya alivyowahi kuiona tangu maradhi yaanze, mabega yakipanda, kifua kikijaa.

"Mara ya tatuuuuu!"

Ilivuka ukuta. Ilipita paa la jirani, ikawafikia Siagi na Bwana Kaunta kule kwenye kona wakaruka wote wawili. Mbwa wakabweka barabara nzima. Binti alisimama na kikombe mkononi, akisubiri kikohozi.

Hakikuja.

Akasubiri tena. Mama yake alikuwa amesimama tu, mkono kifuani, akisikiliza kimya kile kama mtu anayesikiliza mgeni kama amekwenda kweli. Ndani ya tumbo la binti, mtoto alipiga teke moja la nguvu, la mtu aliyeamshwa na bibi yake.

"Amesikia," alisema binti, machozi yakimtoka. "Mama, amesikia!"

Mfamasia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akavuta ile ndoo, akaketi karibu na mgonjwa wake, akatoa kalamu.

"Haya mama. Sauti nimeisikia. Sasa tuje kwenye choo."